Je, wajua kwa nini kalkulasi, yaani hesabu ya mambo yanayobadilika, huanza na limiti mwaka wa kwanza chuoni?

Coaster ya Moshi–Arusha tuliyopanda ilisimamishwa Usa River. Trafiki alimwonyesha dereva namba kwenye tochi, kile kifaa cha kupimia spidi: 67. Eneo hilo ni la 50. Dereva akashuka, akasalimia vizuri, kisha akajitetea: "Afande, tumetoka Moshi saa mbili kamili, sasa hivi ni saa nne kasorobo. Hiyo 67 inatoka wapi?"

Hoja yake ina hesabu ndani. Kutoka Moshi hadi pale ni kilometa zisizofika 60, na tulikuwa tumetumia saa 1 na dakika 45, pamoja na kusimama kila mahali kupakia na kushusha. Gawanya, unapata wastani wa kilometa 33 hivi kwa saa. Lakini trafiki hakuulizia safari yetu. Aliulizia spidi ya pale pale, wakati ule ule. Ubishi huo wa kandokando ya barabara ndio wiki za kwanza za kalkulasi chuoni.

Spidi ni umbali gawanya kwa muda. Sasa, "wakati ule ule" una urefu gani? Ukiupunguza muda mpaka usibaki hata chembe ya sekunde, gari nalo halijasogea. Unabaki na sifuri gawanya kwa sifuri, na hiyo haina jibu, kwa sababu namba yoyote ukiizidisha kwa sifuri unapata sifuri. Iweje basi mshale wa spidi kwenye dashibodi uonyeshe namba moja tu?

Jioni huwa nawasaidia hesabu vijana wa mwaka wa kwanza hapa Moshi, na muhula ukianza tu lalamiko ni lile lile: "Kidato cha sita tulishafanya haya. Kipeo kinashuka mbele, unapunguza moja, x² inakuwa 2x. Mhadhiri anatupotezea muda na limiti." Waliosoma PCM (fizikia, kemia na hesabu) ndio hulalamika zaidi. Waliopitia BAM, ile hesabu ya msingi kwa wasiochukua hesabu kama somo kuu, huwa na subira, na kwa niliowaona mimi, subira hiyo huwalipa.

Sibishani nao. Nawapa gari linaloondoka stendi, ambalo baada ya sekunde t limeshakwenda mita t². Nauliza: sekunde ya 3 inapogonga, linakwenda spidi gani? Wanaanza na wastani. Kutoka sekunde ya 3 hadi ya 4 limetoka mita 9 hadi 16, yaani mita 7 kwa sekunde. Tunapunguza muda: kutoka 3 hadi 3.1 wastani ni 6.1. Hadi 3.01 ni 6.01. Hadi 3.001 ni 6.001. Hapo mtu mmoja lazima aseme, "Ni sita." Namuuliza: kwenye hesabu ulizoandika, sita iko wapi? Anapitisha kidole kwenye daftari, mstari kwa mstari. Haipo. Ukimya unaofuata naupenda kuliko kitu chochote katika kazi hii, maana hapo ndipo mtu anaanza kuiona limiti.

Kisha tunaandika kwa herufi. Muda ulioongezeka tuuite h. Umbali ulioongezeka ni (3 + h)² − 9, yaani 6h + h². Gawanya kwa h, unapata 6 + h. Kugawanya huko ni halali kwa sababu h bado si sifuri. Sasa iache h ipungue kadiri unavyotaka: jibu linasogea kwenye 6, wala halina pengine pa kwenda. Hiyo 6 ndiyo limiti, na ndiyo spidi ya papo hapo. Hatukugawanya kwa sifuri hata mara moja.

Wanaoona jambo hili ni gumu wasijione wajinga, kwa sababu liliwasumbua hata waanzilishi wenyewe. Isaac Newton wa Uingereza alianza kuijenga kalkulasi miaka ya 1665 na 1666. Gottfried Leibniz wa Ujerumani aliigundua kivyake, akachapisha mwaka 1684. Alama ya dy/dx tunayoandika leo ni yake. Majibu yao yalikuwa sahihi, ila maelezo yalikuwa na tundu: kwanza wanagawanya kwa kile kiasi kidogo, kwa hiyo si sifuri, halafu wanakitupa kana kwamba ni sifuri. Mwaka 1734 askofu George Berkeley aliwabana hapo hapo, na kwa kweli alikuwa na haki. Jibu linaloshika lilichelewa sana. Mwaka 1821, mjini Paris, Augustin-Louis Cauchy alitoa kitabu kwa ajili ya wanafunzi wake wa École Polytechnique ambamo limiti ndiyo msingi, na baadaye Karl Weierstrass akaufanya msingi huo kuwa imara zaidi. Kwa hiyo kozi ya leo imeugeuza mpangilio wa historia: kilichopatikana mwisho ndicho kinachofundishwa kwanza. Ndiyo maana kinaonekana kama kimedondoka kutoka hewani.

Tochi nayo inafanya kazi karibu na wazo hilo. Ya leza hupiga mapigo mengi ya mwanga ndani ya muda mfupi usiofika sekunde moja, kila pigo likipima umbali wa gari, kisha inagawanya. Nayo inachukua wastani, ila wa muda mfupi sana.

Na wastani wa dereva? Kalkulasi inasema unathibitisha jambo moja: kuna wakati safarini mshale ulionyesha 33 kamili. Hauthibitishi kwamba haukuwahi kufika 67.

Aliandikiwa faini. Kutoka hapo hadi Tengeru nilikuwa nautazama mshale kupitia bega lake: 48, 49, 48.