Kitako cha hitisinki: laini si bapa

Juzi tena nimeambiwa hitisinki fulani ni nzuri kwa sababu kitako chake "ni laini kabisa, unajiona uso". Nikaitikia kwa kichwa, nikanyamaza. Sasa nilichokimeza siku ile nakitema hapa.

Hitisinki ni kile kipande cha shaba au aluminiamu chenye mapezi kinachokaa juu ya prosesa (chipu kuu ya kompyuta), kikapokea joto na kulimwaga hewani. Kinachosifiwa hapo, umaliziaji wa uso, ni hali ya ngozi ya chuma hicho, hasa pale kinapogusana na prosesa. Maana ndiyo hiyo, haina makuu. Fujo yote iko kwenye neno laini.

Laini tumelipata kwa Kiarabu, layyin, kisicho kigumu. Tukalibebesha na mzigo wa pili: kisichokwaruza. Kwa hiyo mtu akisema kitako ni laini, anasimulia habari za kidole chake tu, kwamba kimepita bila kukwama. Prosesa haina kidole. Inachotaka ni ubapa: uso mzima ulale sawasawa, kama bapa la kisu linavyolala mezani. Ulaini unahusu vilima na mabonde madogo madogo yanayofuatana. Ubapa unapimwa kutoka ukingo hadi ukingo. Kijiko ni laini, kinang'aa, na uso wako utauona humo (ingawa kichwa chini). Hakuna anayekiita bapa.

Mng'ao nao unadanganya kwa njia yake. Chuma hung'aa kama kioo pale vilima vyake vinapokuwa vifupi sana kuliko wimbi la mwanga, ambalo ni kati ya maikromita 0.4 na 0.7 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Basi unachothibitishiwa ni ufupi wa vilima tu. Kitako kinaweza kung'aa huku kimebonyea maikromita 50 katikati, na jicho lisishtuke.

Pengo la maikromita 50 lililojaa hewa ni kitu gani? Upitishaji joto wa shaba ni karibu wati 400 kwa mita kwa digrii. Wa hewa ni 0.026. Chukua eneo la sentimita mraba 10 na prosesa ya wati 100: tabaka la hewa la unene huo, likienea kote, lingehitaji tofauti ya digrii kama 190 ili joto lipite. Kompyuta ingekuwa imeshajizima. Jaza pengo hilohilo kwa pesti (ule uji mzito unaopakwa kati ya prosesa na hitisinki) yenye upitishaji wa 5, na tofauti inashuka hadi digrii 1. Kazi ya pesti ni hiyo, kufukuza hewa. Na kwa hesabu hiyohiyo, mikwaruzo ya maikromita 2 iliyoachwa na mashine ya kiwandani, ikishajaa pesti, haifiki hata sehemu ya kumi ya digrii. Lakini ndiyo watu wanayoilalamikia!

Mimi mwenyewe niliwahi kuichukia mikwaruzo hiyo. Nikachukua msasa (jina la mti, kwa taarifa yako, ambao majani yake yanaparuza kiasi cha kusugulia mbao), nikasugua kitako kwa vidole jioni nzima. Kikang'aa nikafurahi. Joto likapanda. Nikasimamisha ukingo wa rula ya chuma juu ya kitako, nikakielekeza dirishani: katikati giza, kushoto na kulia uzi mwembamba wa mwanga. Vidole vilikuwa vimekula kingo kuliko katikati, nikatengeneza mgongo wa kobe.

Mhandisi Mwingereza Joseph Whitworth alilipigia kelele jambo hili mwaka 1840. Ukisuguanisha nyuso mbili, moja inaweza kubonyea na nyingine kubenuka, zikaoana vizuri na zote zikawa mbovu. Njia aliyoitetea ni ya bamba tatu: unazilinganisha mbilimbili kwa zamu na kukwangua palipoinuka, mpaka yoyote ikae juu ya yoyote. Bamba lililokwanguliwa hivyo lina madoadoa, wala hulitazamii kama kioo, ila ndilo bapa.

Kuna watengenezaji wanaobenua kitako kidogo kwa makusudi, kwa kuwa vifuniko vya prosesa nyingine vimebonyea katikati. Hao wanajua wanachofanya. Ukikuta kitako cha namna hiyo usikisugue, na kama kimepakwa nikeli msasa utaimaliza kabla hujafika popote.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa "unajiona uso", hitisinki yako huenda ni nzuri kweli. Ila usiniambie ni laini. Weka rula, tazama mwanga unapita wapi, halafu uniambie kama ni bapa.