Ngazi za viwango: nani amekaa mezani?

Sokoni Kilombero, hapa Arusha, mnunuzi wa mahindi huchoma gunia kwa bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchotea nafaka, akamwaga punje kiganjani, akazitazama, kisha akatafuna moja. Ikivunjika kwa mlio, mahindi yamekauka. Ikibonyea chini ya jino, bado. Kwa watu wawili wanaojuana kipimo hicho kinatosha. Gunia hilohilo likifika Namanga, mpakani na Kenya, linapokewa na mtu asiyelijua jino lako. Yeye anataka namba: unyevu usizidi asilimia 13.5, sumukuvu, yaani sumu inayotokana na kuvu, kwa jumla isizidi mikrogramu 10 kwa kilo, na ile ya aina ya B1, iliyo kali kuliko zote, isizidi 5.

Namba za namna hiyo ndizo tunazoziita kiwango: maelezo yaliyoandikwa, na wahusika wakayakubali, ya jinsi bidhaa, kipimo au utaratibu unavyotakiwa kuwa. Neno la kushika hapo ni kukubali. Ngazi ya taifa, ya ukanda, ya bara na ya dunia zinatofautiana kwanza kwa jambo hili: waliokaa kukubaliana ni akina nani.

Kwetu ngazi ya taifa iko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Kamati ya kiufundi huwakutanisha wenye viwanda, watafiti, maofisa wa serikali na wawakilishi wa walaji. Rasimu yao hutolewa kwa umma itolewe maoni, nayo kamati huyapitia kabla kiwango hakijapitishwa. Hapa ndipo mkulima na mfanyabiashara wanapoweza kusikika kwa urahisi zaidi, na inaniuma kwamba wengi wetu hukisikia kiwango kwa mara ya kwanza lori likiwa limeshazuiwa.

Ngazi ya ukanda imekaa karibu nasi kuliko tunavyofikiri, maana makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako mjini humuhumu. Mashirika ya viwango ya nchi wanachama huandaa rasimu ya pamoja, na Baraza la Mawaziri la Jumuiya likishaitangaza, kila nchi ina miezi sita ya kuifanya kiwango chake bila kubadili maandishi, na kuondoa cha zamani kinachohusu jambo lilelile. Kiwango cha mahindi kinaitwa EAS 2. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikafungua kwa masharti, mojawapo likiwa cheti kinachoonyesha kwamba ile 10 haijavukwa. Lakini jambo hili si la mpakani tu. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye chakula chao. Haina ladha wala harufu, na jino haliwezi kuigundua.

Kwa bara zima kuna ARSO, shirika la viwango la Afrika, iliyoanzishwa mwaka 1977, yenye makao Nairobi.

Duniani, ISO, shirika la kimataifa la viwango, ilianza kazi mwaka 1947 na iko Geneva. Mambo ya umeme yana chombo chake, IEC, cha tangu 1906, na chakula kina Codex, tume iliyoanzishwa na FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya. Ndani ya ISO kila nchi ina mwakilishi mmoja, wetu akiwa TBS. Rasimu hupitishwa iwapo theluthi mbili ya wanachama wanaoshiriki kwenye kamati wameikubali, na kura za kuipinga hazizidi robo ya kura zote. Kura ya Tanzania na ya Ujerumani ni sawa. Tofauti iko kwenye kuandika: anayeleta wataalamu kila kikao ndiye anayeandika rasimu ya kwanza, na wengine hubaki kuirekebisha.

Ngazi hizi pia hazipandwi moja baada ya nyingine. Kiwango cha dunia huweza kushuka moja kwa moja hadi kwenye gunia. Sumukuvu hukaa kwa mafungu: gunia moja limejaa sumu, la pembeni yake ni safi. Kwa hiyo ukichoma moja tu umedanganyika. Namna ya kuchukua sampuli ya nafaka, kuchota sehemu nyingi za shehena na kuchanganya kabla ya kupima, imeandikwa kwenye ISO 24333. Hata bambo lina kiwango chake.