"Mimi Ndiye Bosi Wake, Lete Faili": Dhana Potofu Kuhusu Siri za Wafanyakazi

Kila ninapofundisha maofisa rasilimali watu, iwe Dar es Salaam au Mwanza, kabla ya chai ya saa nne lazima mkono mmoja uinuke: "Sasa mkuu wa idara akitaka faili la mtu wake, mimi ni nani nimkatalie?" Na chumba kizima kinaitikia kwa vichwa. Swali hili limenichosha. Leo naliandikia jibu, ili nikiulizwa tena niwe natuma tu.

Dhana yenyewe ni kwamba faili ni mali ya kampuni, bosi ndiye kampuni, basi afungue apendavyo. Jalada, karatasi na kabati ni vya mwajiri, sibishi. Lakini taarifa zilizomo zinamhusu mwenye jina juu ya jalada, na mwajiri amekabidhiwa kwa shughuli maalumu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa ikusanywe kwa lengo linaloeleweka na itumike kwa lengo hilo. Cheo si lengo. Udadisi nao si lengo, hata ukivaa tai.

Chukua karatasi moja tu, ED, yaani cheti cha daktari cha kumruhusu mgonjwa apumzike asifike kazini. Dereva wa ghala anaumwa, anakwenda hospitali, anarudi na ED ya siku 5. Ina jina, tarehe, siku za kupumzika, na mara nyingi daktari ameandika na ugonjwa. Fuata safari yake. Anamkabidhi msimamizi wa zamu. Msimamizi anaipiga picha na kumrushia meneja kwa WhatsApp. Nakala inabandikwa kwenye ubao wa zamu ili wenzake wajue kwa nini hayupo. Mwisho inafika kwa ofisa rasilimali watu, ambaye anaitoboa matundu na kuipachika katikati ya barua ya ajira na fomu za likizo. Mgonjwa hajamaliza dozi, ghala zima linajua anaumwa nini.

Msimamizi alihitaji kujua mambo mawili: dereva anarudi lini, na akirudi kuna kazi gani asiyotakiwa kufanya, kama kubeba mizigo au kuendesha usiku. Jina la ugonjwa halipangi zamu. Ndiyo maana sheria imeziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, sambamba na alama za vidole mnazochukua kwenye ile mashine ya mlangoni na uanachama wa chama cha wafanyakazi. Na kwa VVU kuna sheria yake kabisa, ya mwaka 2008: majibu ya kipimo ni siri ya aliyepimwa.

Ushauri wangu nitaurudia hadi nistaafu: majalada mawili. La kwanza la ajira. La pili la afya, kwenye kabati lake, lenye ufunguo wake, na mtu mmoja anayejulikana kuushika. ED ikifika iingie jalada la pili. Kwenye lile la kwanza weka kipande cha karatasi kinachosema hayupo kwa ruhusa ya daktari, tangu tarehe fulani hadi fulani. Kisha fungua rejista ya kuazima: nani kachukua, saa ngapi, kwa sababu gani, saini. Ile safu ya sababu ndiyo dawa. Meneja anayefoka mlangoni usibishane naye, mpe kalamu aandike sababu. Wengi hukumbuka hapo hapo kwamba wana kikao.

Kuna na hili la nia njema. Mwenzetu amelazwa, mtu anaandika kwenye kundi la ofisi: "Ana kansa, tuchange." Kuchanga ni utu wetu na sijaja kuupinga. Andika "mwenzetu anaumwa, tumchangie", inatosha. Watu hutoa bila kusoma cheti. Kama ugonjwa ni wa kutajwa, autaje mgonjwa mwenyewe. Nia njema si kinga: kufichua taarifa kinyume cha sheria kunaweza kumletea mtu binafsi, si kampuni pekee, faini ya hadi shilingi milioni 20, kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili.

Dhana nyingine ninazozisikia ni hizi. "Alishasaini mkataba, amekubali yote." Alikubali kufanya kazi. Ridhaa ya jumla iliyofichwa ukurasa wa tisa haikupi ruhusa ya kugawa taarifa zake kwa kila anayeuliza.

"Hilo ni la watu wa IT." Orodha ya mishahara iliyosahaulika kwenye printa ya korido haikudukuliwa na mtu. Wala ile iliyofungwa kwa nenosiri, halafu nenosiri likaandikwa kwenye barua pepe hiyo hiyo.

"Mfanyakazi haruhusiwi kuona faili lake." Anaruhusiwa, na akikuta kosa ana haki ya kuomba lirekebishwe. Ukimzungusha, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inapokea malalamiko.

"Ameshaacha kazi, tupa." Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inataka maelezo ya ajira yatunzwe miaka 5 baada ya ajira kukoma. Muda ukipita, chana kwa mashine au choma mbele ya shahidi. Ukiuza karatasi kwa kilo, slipu ya mshahara ya mtu itarudi mtaani imefungia vitumbua.

Na mwisho simu ya mchana: "Tunapiga kutoka kampuni ya mikopo, tunathibitisha tu, fulani analipwa ngapi?" Ofisa anataja mshahara, makato, hadi namba ya akaunti, kwa sauti asiyoijua! Mwambie alete maombi kwa maandishi pamoja na ridhaa iliyosainiwa na mfanyakazi. Mkopeshaji wa kweli ataleta kesho yake asubuhi, kwa sababu anataka biashara. Tapeli hutamsikia tena.