Nusu kaputi: uji nao ni chakula, msimlishe mgonjwa kabla ya oparesheni

Malalamiko ya ndugu kwamba oparesheni zinaahirishwa bila sababu yamezidi hapa Kigoma. Sababu ipo jamani, mara nyingi ni uji. Mtu anaambiwa mgonjwa asile, halafu alfajiri shangazi anapita na chupa ya uji, ukimuuliza anasema "sijamlisha, kanywa tu".

Dawa za nusu kaputi, za kumlaza mgonjwa asijitambue, tunazochoma kwenye mshipa ni kama propofol, ile nyeupe kama maziwa. Mtu mzima analala ndani ya sekunde 40 hivi, na dozi moja inaisha kama dakika 5 mpaka 10, ndo maana tunaongeza au tunaendelea na gesi. Inatumika kulaza mgonjwa wa oparesheni, pia kwenye vipimo vya kuingiza kamera tumboni, na ICU (wodi ya mahututi) kwa walio kwenye mashine ya kupumulia. Haiui maumivu, ya maumivu tunaweka nyingine. Inashusha presha, inaweza kusimamisha pumzi kabisa na haina dawa ya kuizimua, kwahiyo lazima akae mtu anayejua kukupumulia. Michael Jackson alikufa nayo 2009, nyumbani kwake, akitafuta usingizi tu.

Ketamini, dawa nyingine ya kulaza, yenyewe inaua maumivu na mara nyingi mgonjwa anaendelea kupumua mwenyewe. Akiamka anaweza kuweweseka, kuona vitu, kupiga kelele. Sio majini! Ni dawa, inaisha, msikimbilie kumtoa wodini.

Sasa ukilala hivyo koo linalegea, kilichopo tumboni kinapanda na kuingia kwenye mapafu, na hapo mtu anaweza kufa. Kwahiyo chakula, uji na chai ya maziwa mwisho masaa 6 kabla, vya mafuta mengi masaa 8, maziwa ya mama kwa mtoto anayenyonya masaa 4, maji matupu masaa 2. Fomu ya ridhaa isainiwe baada ya kuelezwa, wa chini ya miaka 18 anasainiwa na mzazi au mlezi, sio jirani aliyemsindikiza. Akikutwa amekula anapangiwa muda mwingine, isipokuwa dharura, hapo tunaendelea kwa tahadhari zake.

Akiwa ameshakula semeni, nini na saa ngapi, hakuna atakayewagombeza. Na dawa anazotumia zitajwe zote, za presha, za sukari na za kienyeji pia.