Kampuni kubwa ya ukaguzi wa hesabu: tunayoambiana Kisumu na yalivyo kazini

Kila mahafali ya Maseno yakipita, maswali huwa yale yale. Kijana amemaliza digrii, au amebakisha karatasi chache za KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu, na anatamani kuingia kwenye mojawapo ya kampuni nne kubwa za ukaguzi, yaani Deloitte, PwC, EY na KPMG. Kabla hata hajatuma maombi ameshajazwa maneno na watu ambao hawajawahi kushika faili la ukaguzi. Baadhi ya wanayosema yana chembe ya ukweli. Mengi ni porojo za stejini.

"Hapo ni pa watu wa hesabu kali"

Hii ndiyo dhana inayowafukuza wengi, na ndiyo iliyo mbali zaidi na kazi yenyewe. Hesabu za mwanagenzi ni kujumlisha, kutoa na asilimia, na hata hizo anafanyiwa na kompyuta. Kinachomtoa jasho ni kuuliza "umejuaje?" kwa adabu, tena na tena, kisha kuandika jibu kwa namna ambayo mtu asiyekuwepo ataelewa.

Chukua siku ya kuhesabu stoku katika kiwanda cha sukari, tuseme huku ukanda wa Nyando. Lori haliruhusiwi kuingia wala kutoka ghalani. Magunia ya kilo 50 yamepangwa hadi karibu na dari. Karani wa ghala anahesabu magunia ya mbele, ya ubavuni na ya kwenda juu, anazidisha, anasoma jumla kwa sauti. Hesabu yake haina kosa. Lakini mwanagenzi anataka kujua kama katikati ya rundo kuna magunia kweli au kuna uwazi.

"Mzee, naomba tuone huku ndani."

"Binti yangu, hiyo ni sukari tupu. Mimi niko hapa tangu hujazaliwa."

"Najua, Mzee. Ndiyo maana nakuomba wewe unitafutie ngazi."

Anapanda. Anachagua gunia moja la katikati, linashushwa, linapimwa. Baadaye anachukua marundo kadhaa sakafuni na kuangalia kama yameandikwa kwenye orodha, kisha anageuza: anachukua mistari kadhaa ya orodha na kwenda kuitafuta sakafuni. Njia ya kwanza inafichua kilichosahaulika kuandikwa, ya pili inafichua kilichoandikwa bila kuwepo. Mwisho ananakili namba ya hati ya mwisho ya kupokea mali na ya mwisho ya kutoa, ili sukari ya kesho isije ikahesabiwa kwenye mauzo ya leo. Hakuna aljebra hapo.

Miwa iliyo shambani ni kisa kingine. Tangu 2016, viwango vya kimataifa vya uhasibu vinataka shina la muwa, lile linalobaki ardhini na kuchipua ratuni, yaani miwa mipya baada ya kuvuna, lihesabiwe kama mali ya kudumu, karibu na mashine na majengo. Muwa unaokua juu yake unabaki kuwa mali hai, na huthaminiwa kwa bei ya soko ukitoa gharama za kuuza. Majani chai ya Kericho yamo kwenye kanuni hiyo hiyo: kichaka upande mmoja, majani upande wa pili. Mtu huambiwa hili darasani akadhani ni fomula. Ukifika kazini unagundua kuwa nusu ya kazi ni kuvaa gamubuti, kushika ramani, na kwenda kuona kama ekari zilizoandikwa zipo na zina miwa.

"Mkaguzi anakuja kukamata wezi"

Ndiyo maana ukifika kwa mteja watu hunyamaza ghafla. Ukweli ni kwamba jukumu la kwanza la kuzuia na kugundua wizi liko kwa wasimamizi wa shirika lenyewe na bodi yao. Mkaguzi hupanga kazi akijua kuwa udanganyifu unaweza kuwepo, lakini anachoahidi mwishoni ni uhakika wa kutosha kwamba taarifa za fedha hazina kosa kubwa. Hakagui kila risiti. Anachukua sampuli.

Mfano mzuri ni barua ambazo wanachama wa Sacco hupokea baada ya vitabu kufungwa Desemba 31: "Kwa mujibu wa rekodi, akiba yako ni kiasi hiki na mkopo wako ni kiasi hiki. Je, unakubali?" Mwalimu wa Kakamega akiipata barua hiyo hudhani anadaiwa upya, au kwamba ni matapeli, akaitupa. Jibu lake lilitakiwa lirudi moja kwa moja kwa mkaguzi bila kupitia ofisi ya Sacco, kwa sababu ofisi hiyo ndiyo inayokaguliwa. Mwanagenzi ndiye anayezituma, anayefuatilia zisizojibiwa, na anayepiga simu.

Tunachanganya pia kazi hii na ile ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali, ambaye ripoti zake kuhusu kaunti zetu husomwa redioni. Yeye ni wa kikatiba: Kifungu cha 229 cha Katiba kinampa miezi sita ya kukagua na kutoa ripoti baada ya mwaka wa fedha kuisha Juni 30. Kampuni binafsi huteuliwa na wenye kampuni inayokaguliwa, na ripoti yake huwaendea hao.

"Ukiingia tu, wewe ni CPA"

La. CPA ni sifa ya mhasibu wa kitaaluma, na hapa kuna vitu vitatu ambavyo jamaa zetu huvisonga pamoja kama ugali. Mitihani ni ya KASNEB, chombo kilichoanzishwa 1969. Uanachama ni wa ICPAK, chama cha wahasibu wa Kenya, ambacho leo kinaongozwa na Sheria ya Wahasibu ya 2008. Na kutia sahihi ripoti ya ukaguzi kunahitaji cheti cha pekee cha kufanya kazi hiyo kwa ajili ya umma, ambacho mwanagenzi hana na hatakuwa nacho kwa muda mrefu. Mtu anaweza kuwa amefaulu karatasi zote na bado asiwe mwanachama.

Wanaofuata ACCA, sifa ya uhasibu ya Uingereza, nao wana sharti lao: mbali na mitihani, wanatakiwa kuonyesha miezi 36 ya uzoefu unaothibitishwa na msimamizi. Uingereza, ambako mfumo huu ulitoka, mwanagenzi hutia sahihi mkataba wa mafunzo unaofunga kazi na mitihani pamoja, na baadhi huingia wakitoka sekondari bila kupitia chuo kikuu. Kwetu kampuni kubwa hupenda wahitimu, ingawa si lazima wawe wa biashara. Wahandisi na watu wa takwimu huchukuliwa pia.

"Lazima utoe kitu kidogo"

Kuna historia ya kuchekesha hapa. Zamani huko Uingereza mzazi alilipa kampuni ada ili mwanawe apokelewe kama karani mwanagenzi, na lilikuwa jambo halali kabisa. Desturi hiyo ilikufa. Leo anayekuomba pesa za "fomu", "sare" au "matibabu" ili upate nafasi ya uanagenzi ni tapeli, hata akiwa na nembo ya kampuni kwenye barua. Mkatie simu.

"Lazima uhamie Nairobi"

Nusu kweli. Makao makuu yako Nairobi na ajira hufanyika huko. Lakini wateja hawako Nairobi peke yake: timu hufunga safari hadi mashamba ya maua ya Naivasha, viwanda vya chai vya Kericho, hoteli na hospitali za Kisumu. Mtoto wa Nyalenda anaweza kujikuta amerudishwa nyumbani kikazi, analala hotelini, na mama yake anashangaa kwa nini haji kula jioni. Ni kwa sababu saa tatu usiku bado wanatafuta vocha moja.

Hata hivyo nina maoni yangu. Kampuni ndogo za Kisumu na Nakuru zinadharauliwa bure. Huko mwanagenzi hushika kazi nzima, kuanzia kwenye boksi la risiti zilizoloa mpaka mizania, na hukutana na mwenye biashara uso kwa uso. Kwenye kampuni kubwa unaweza kukaa msimu mzima kwenye orodha ya wadaiwa wa mteja mmoja, ukaijua vizuri kupita kiasi, bila kuona mizania ilivyokamilishwa. Anayetaka jina kwenye wasifu achague kubwa. Anayetaka kufungua ofisi yake Oginga Odinga Street siku moja, afikirie mara mbili.

Kuhusu pesa nitasema kidogo tu: anayeanza hatajirika, na wanafunzi walio atachi, yaani mafunzo ya muda kazini, mara nyingi hupewa posho tu, pengine hata hiyo wasipewe.

"Karatasi ikikosewa, unabadilisha tu"

Hili ndilo kosa la hatari. Baada ya ripoti kutiwa sahihi, faili hupangwa na kufungwa, kwa kawaida ndani ya siku 60. Kuanzia hapo hakitolewi kitu hadi muda wa kulihifadhi uishe, na nyongeza yoyote lazima iseme ni nani ameiweka, lini na kwa nini. Wanaouliza sababu wakumbushwe Arthur Andersen, iliyokuwa kampuni ya tano ya ngazi hiyo. Wafanyakazi wake waliharibu nyaraka za mteja wao Enron, na 2002 ikahukumiwa kwa kuzuia haki. Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua hukumu hiyo 2005, lakini kampuni ilikuwa imekwisha, na watu wapatao 85,000 walikuwa wametawanyika.

Na wanaodhani maadili ni somo la kukariri wajue kwamba Juni 2022 mdhibiti wa masoko ya hisa wa Marekani aliitoza EY faini ya dola milioni 100, kwa sababu baadhi ya wafanyakazi wake waliibia mtihani. Mtihani wenyewe ulikuwa wa maadili.

"Aliyetoka alishindwa"

Kijana akirudi Bondo baada ya miaka michache kwenye kampuni kubwa, akaanza kazi kwenye Sacco au kiwanda cha chai, shangazi huuliza alifukuzwa kwa kosa gani. Kampuni hizi zimejengwa kama piramidi. Huajiri vijana wengi chini zikijua kuwa walio wengi wataondoka wakimaliza mitihani na uzoefu, na wachache mno ndio watakaofika kuwa wabia. Wanaoondoka huwa wahasibu wakuu wa mashirika yale yale waliyokuwa wakiyakagua, na msimu unaofuata wao ndio wanaoulizwa na mwanagenzi mwenye kalamu: umejuaje?