Mkono Usiotupwa: Dopamini na Ugonjwa wa Parkinson

Mzee anaingia kliniki, binti yake nyuma. Kabla hajaketi tumeshaona mengi. Hatua zake ni fupi, anaburura miguu. Mkono wa kushoto anautupa anapotembea, wa kulia umeganda ubavuni. Tunamwamkia, na "marahaba" yake inatoka kwa sauti ya chini hadi inabidi tuiname kuisikia. Akishaketi na kuuweka mkono wa kulia pajani, kidole gumba na cha shahada vinaanza kuchezacheza kama vya mtu anayevuta tasbihi. Tunamwomba afunge kifungo kimoja cha shati. Anahangaika nacho karibu dakika nzima. "Baba amekuwa mvivu siku hizi, daktari," binti anasema. "Hata kucheka hacheki."

Si uvivu, na wala baba hajanuna. Misuli yake ina nguvu. Ukimwambia akubane mkono, atakubana hadi uumie. Kilichopungua ni ujumbe wa kuiamsha misuli hiyo.

Katika shina la ubongo kuna sehemu mbili ndogo, kulia na kushoto, ambazo ubongo ukipasuliwa huonekana nyeusi kwa macho matupu. Seli za hapo hutengeneza kemikali iitwayo dopamini na kuimwaga, kupitia nyuzi ndefu, kwenye viini vilivyo ndani zaidi, ambako mwendo huruhusiwa au huzuiwa. Viini hivyo vina njia mbili: moja huachilia, nyingine hushika breki. Dopamini huitia nguvu ile ya kwanza na kuilegeza ya pili. Ikipungua, breki inabaki imekanyagwa. Mtu anataka kuinuka, anajua namna ya kuinuka, lakini mwili unachelewa kuitika. Hapo ndipo penye wepesi uliopotea, viungo vilivyokakamaa na uso usioonyesha furaha hata moyo ukiwa na furaha.

Watu wengi huujua ugonjwa huu kwa kutetemeka. Wapo wagonjwa wasiotetemeka kabisa, na hao ndio huchelewa zaidi kufika kwetu. Dalili kuu ni uzito wa mwendo: mwandiko unaozidi kuwa mdogo, mkono mmoja usiotupwa, kujigeuza kitandani kwa shida. Kutetemeka kwa Parkinson huja zaidi mkono ukiwa umetulia, na mara nyingi huanzia upande mmoja. Mkono ukianza kuonyesha dalili, zaidi ya nusu ya dopamini katika viini vile huwa imeshapotea. Kufunga choo, kupoteza uwezo wa kunusa, au kupiga mateke na kelele usingizini huweza kutangulia kwa miaka.

James Parkinson aliueleza ugonjwa huu mjini London mwaka 1817, lakini chanzo chake kwenye kemia ya ubongo hakikujulikana hadi karne iliyofuata. Mwaka 1957 Arvid Carlsson, mwanasayansi wa Sweden, aliwapa sungura dawa inayomaliza dopamini. Wakalala bila kujongea. Alipowachoma sindano ya levodopa, waliamka. Miaka michache baadaye Oleh Hornykiewicz, huko Vienna, alipima ubongo wa wagonjwa waliokufa na kukuta upungufu uleule. Dopamini yenyewe haivuki kutoka kwenye damu kuingia ubongoni. Levodopa huvuka, kisha hugeuzwa kuwa dopamini humo ndani. Ndiyo dawa kuu hadi leo, ikichanganywa na kabidopa ili isigeuzwe njiani kabla ya kufika.

Levodopa hiyo imo pia katika mbegu za upupu, huuhuu unaotuwasha shambani. Tunaulizwa mara nyingi kama mtu anaweza kuusaga akanywa. Tunakataza, kwa sababu kiasi hutofautiana mbegu hadi mbegu, na kikizidi huleta kichefuchefu, kushuka kwa presha na hata kuona visivyokuwapo.

Utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulikuta wagonjwa ambao wengi wao hawakuwahi kuambiwa wanaumwa nini. Inatuuma, maana kwa dawa, miaka hiyo ya kutojua mtu angeweza kuishi na kifungo chake kikifungika. Badala yake anaambiwa ni uzee, au anazungushwa kwa waganga kutafuta aliyemroga.

Njooni na dawa zote anazotumia mgonjwa. Haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, na metoklopramidi, dawa ya kichefuchefu na kutapika, huziba vipokezi vya dopamini na zinaweza kuleta hali inayofanana kabisa na Parkinson. Mara nyingi daktari akizibadilisha, mtu hupata nafuu. Kwa anayetumia levodopa, anywe nusu saa au zaidi kabla ya nyama, maharage au maziwa, kwa kuwa protini hugombania njia moja na dawa hiyo. Asiiache ghafla kamwe, hata dozi ikionekana kumchosha.

Na mgonjwa akiganda mlangoni, miguu kama imegundishwa sakafuni, msimvute mkono, ataanguka. Chora mstari kwa chaki mbele ya vidole vyake, mwambie auvuke. Jicho huipa miguu ishara kwa njia nyingine, na mara nyingi hatua ya kwanza hutoka hapo hapo.