Kilichoganda nacho husogea

Hapa Moshi, mawingu yakifunguka asubuhi na barafu ya Kibo ikaonekana, wengi husema kitu kilichoganda kimetulia, hakisogei mpaka kiyeyuke. Imani hiyo inaeleweka: barafu ya friji ukiigonga hupasuka kama jiwe.

Ila jaribu na mshumaa. Ukiuvunja ghafla, unakatika. Mwingine ulaze juu ya vikombe viwili, uning'inize kufuli katikati, uuache siku kadhaa za joto la Januari. Utaanza kupinda taratibu, bila kuyeyuka. Hapo kilichofanya kazi ni muda.

Udongo ulioganda wa Siberia au Alaska hufanya vivyo hivyo chini ya uzito. Barafu iliyomo hutambaa, na katikati ya chembe hubaki utando mwembamba wa maji yasiyoganda, hata chini ya nyuzi 0.

Kuna sehemu udongo huo umebeba haidrati ya methani: maji yaliyojipanga kama vizimba, ndani yake gesi. Kwa macho ni barafu tupu, lakini ukiiwasha inashika moto! Haidrati hupinga kutambaa zaidi kuliko barafu, hivyo huushikilia udongo. Joto likipanda au shinikizo likishuka, vizimba huvunjika. Mita 1 ya ujazo ya haidrati hutoa takriban mita 160 za ujazo za gesi, na udongo hulegea.

Kwa hiyo ukiambiwa kitu ni kigumu, uliza: kwa muda gani, chini ya uzito gani, katika joto gani?